Meno ya Mteja Mkaidi

12 Januari

Kibogoyo wangu,

Najua una meno yote kinywani, tena mazuri, lakini ulipoletwa kwangu ulikuwa na miaka sita na mapengo mawili mbele, jina likaganda. Utazeeka nalo.

Natumaini hujambo na kwamba unakula. Ile picha uliyotuma ya sherehe ya kazini baba yako ameigeuzia ukutani. Anasema ataigeuza tena ukinenepa. Yeye mzima. Kaka yangu huyu amestaafu udereva akahamia kwangu, ila lori bado limo mwilini mwake: akikaa kwenye kochi, mguu wa kulia unakanyaga breki kila mtu akikatiza mbele ya televisheni. Jana nilipita haraka akaniambia niwe natoa ishara. Mimi nami sijambo, isipokuwa sikio la kushoto, ambalo mashine ya kung'arishia meno ya bandia imelimaliza kabisa. Ukinipigia simu huwa naitikia tu ndiyo, ndiyo, ili usijisikie vibaya. Jambo la maana usiniambie kwa simu. Niandikie.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Nina mteja mmoja, mwanamke wa umri wangu, mkaidi kama nini. Meno ya juu yamemwisha yote. Fizi zilimsaliti ndani ya mwaka mmoja. Nimempima kinywa, nimemwaga plasta, na kalibu zake mbili, ya juu na ya chini, zimo kwenye kisanduku hiki, nimezizungushia pamba. Nataka umtengenezee seti ya juu. Kazi za madaktari wa hapa zimenielemea, na huyu sitaki kumlipulia. Nataka mkono wako. Si wa karakana yenu, wako wewe.

Sipendi kukukumbusha kama mwanafunzi, lakini nitakukumbusha. Kabla hujawasha taa ya kuyeyushia nta, fumba macho, pitisha kidole kwenye kalibu, ya juu kisha ya chini, umsome mtu mwenyewe: anatafuna upande gani, anasaga meno akikasirika, alivunja nini akifungulia nini. Ukishamjua ndiyo uanze. Na jino moja liweke upande kidogo, maana hakuna kinywa kilichopangwa kwa rula.

Meza yako iko palepale chini ya taa. Sijamruhusu mtu kuweka hata kikombe cha chai juu yake. Sisemi lolote, nakupa habari tu.

Ni mimi shangazi yako.


16 Februari

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Barua imefika, na kisanduku pia, hakuna kilichovunjika. Mwambie baba picha ile ilipigwa upande mbaya. Nakula. Chumba changu kiko ghorofa ya tatu juu ya duka la dobi, kwa hiyo nguo zangu zinanukia pasi hata kabla sijazifua. Jirani wa juu anahamisha kabati kila Jumapili asubuhi. Nadhani ni lilelile, linakwenda na kurudi. Nimeshalizoea hivi kwamba Jumapili lisipopita nahisi kuna mtu anaumwa.

Meno ya mteja wako yamekamilika na nayatuma pamoja na barua hii. Nimeyatengeneza mwenyewe, kwa utulivu, kama ulivyonifundisha. Mwambie siku za mwanzo ayavae saa chache tu, asije akachubuka.

Hapa kazini wananitaka niwe msimamizi mkuu wa karakana nzima. Mafundi arobaini, ofisi yenye mlango, na jina langu mlangoni. Mkurugenzi amenipa mpaka tarehe thelathini na moja Mei niweke sahihi. Kila mtu ananipongeza kana kwamba nimeshakubali, nami natabasamu kana kwamba nimeshakubali. Ukweli ni kwamba sijui.

Tena wiki iliyopita walituletea mtaalamu wa kutufundisha kuishi kwa makusudi. Mtu mwema, ana sauti ya muuza magodoro. Alitugawia karatasi, swali la kwanza: unaishi kwa ajili ya nini? Mistari mitano. Fundi wa kung'arisha aliyekaa kando yangu aliijaza yote akaomba karatasi ya ziada. Mimi niliandika tarehe, nikaandika jina, nikapiga mstari chini ya jina. Mtaalamu alipopita akainama akaniambia, "Usiharakishe, dada. Wengine huwachukua muda." Nina miaka thelathini na tatu, Shangazi. Nimerudi nyumbani na ile karatasi kwenye mkoba na sijui niitupe au niifiche. Wewe ungepewa, ungeandika nini?

Kuhusu meza, tutaongea nikija.

Binti yako.


8 Machi

Kibogoyo,

Marahaba. Baba yako hajambo. Mvua imenyesha, paa halijavuja. Tuje kwenye meno.

Yamefika. Ni meupe kama vigae vya bafuni na yamejipanga kama askari wanaomsubiri mgeni rasmi. Hakuna hata moja lililokaa upande. Sehemu ya kaakaa ina alama za kisu cha mtu anayetumia mkono wa kushoto. Wewe unatumia wa kulia, nilikushika mwenyewe nikikufundisha. Si kazi mbaya. Ni kazi ya mtu asiyejua anamtengenezea nani. Lakini siyo yako, na umeniandikia kwa kalamu yako kwamba ni yako.

Mteja ni mimi.

Nilitaka kukuchezea kidogo, nicheke utakapogundua. Nilijua utagundua dakika ya kwanza, kwa sababu kwenye kalibu ya chini lipo lile jino langu lililomeguka kona, nililokuwa nafungulia chupa za dawa ya kung'arishia. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaligusa kwa kidole ukiwa mapajani mwangu, ukasema hiyo ni ngazi ya wadudu. Hukuliona. Maana yake hukuitazama kalibu hata mara moja. Nimeyavaa meno yako, ambayo siyo yako, nikaenda kwenye kioo, nikakuta mwanamke wa kwenye tangazo la dawa ya meno ananitazama. Baba yako alinisalimia kwa adabu kama mgeni.

Uongo wenyewe unaniuma kidogo. Kinachoniuma sana ni kwamba nilikulea miaka kumi na mitatu, halafu kinywa changu kimepita mikononi mwako kama mzigo wa watu. Siku hizi kibogoyo ni mimi, na jina lako silitaki, kwa hiyo endelea nalo.

Uliniuliza ningeandika nini kwenye ile karatasi. Leo sitakujibu.

Shangazi.


11 Aprili

Kibogoyo,

Huku salama. Baba yako ana mafua na anayatangaza.

Ni wiki tano sasa. Mleta barua akiniona nimesimama mlangoni anaanza kutikisa kichwa tangu kwenye kona, asinipe matumaini bure. Kama unasubiri hasira ziishe, zimeisha. Sijawahi kuweza kununa zaidi ya siku tisa. Marehemu mume wangu alikuwa anazihesabu, ya tisa ananiletea chai. Nilichobaki nacho sasa ni wasiwasi, na huo hauna siku ya mwisho.

Umeacha kufanya kazi kwa mikono? Umeumia na hutaki nijue? Nijibu hilo tu, hata kwa mstari mmoja. Meno nimeyaweka kwenye kikombe. Nakula ndizi mbivu na mkate wa kuchovya, sifi.

Shangazi yako.


27 Aprili

Shangazi, shikamoo, na unisamehe.

Mafua ya baba natumaini yameisha, au angalau matangazo yake. Hii ni barua ya tano. Nne za kwanza nimezichana, kwa sababu kila moja ilianza vizuri halafu ikaanza kujitetea.

Sikuumia. Mikono yangu mizima. Lakini umeuliza kama nimeacha kazi ya mikono, na jibu ni ndiyo. Niliacha mwezi wa pili mwaka jana. Miezi kumi na minne sijashika nta. Ninakaa kwenye chumba cha vioo, napokea kalibu, nabandika namba, nagawa kwa mafundi, nakagua meno yaliyokwisha, napeleka. Kisanduku chako kilipofika nilikipokea kama vingine vyote. Nilikata kamba, nikabandika namba 418, nikampa fundi mmoja mwenye bidii, anayetumia mkono wa kushoto kama ulivyoona. Nilijiambia mwishoni nitayashika mwenyewe, nitalisogeza jino moja likae upande. Wiki ile kulikuwa na mikutano minne. Yaliporudi niliyafunga, nikakuandikia ule uongo, na wakati naandika sikuuona mkubwa. Nilijiona kama mtu anayesema ameshiba ili mwenyeji asisumbuke.

Barua yako ya Machi ilipofika nilishuka stoo. Kalibu huwa tunazitunza miezi sita. Niliitafuta namba yako kwenye rafu, nikakaa juu ya mfuko wa plasta, nikafumba macho, nikapitisha kidole. Nilikujua kabla sijafika kwenye jino lililomeguka. Unatafunia kulia, na huku kushoto kuna pale ulipokuwa unabana sindano. Nililia mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna mtu amefariki. Nikamwambia hapana, ni shangazi yangu, hajambo.

Sasa lile ambalo sijawahi kukuambia. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, siku ya kuondoka, tukiwa jikoni, ulinifanya nikuahidi kwamba nikishaiva kwenye kazi nitarudi kushika meza yako. Niliahidi, na nilimaanisha. Lakini mwaka hadi mwaka nilizidi kupapenda huku: ngazi zangu, dobi, hata lile kabati. Na kila nilivyozidi kuwa fundi mzuri ndivyo ahadi ilivyozidi kunikaribia, maana sababu ya kutorudi ilikuwa inaisha. Waliponiambia nihamie ofisini nilikubali siku hiyohiyo. Nilijiambia, msimamizi hawezi kuitwa arudi kwenye chumba cha uani. Niliacha kazi ninayoipenda ili nisilazimike kurudi kuifanya kwako. Nikiisoma hiyo sentensi naona aibu, lakini nimeipindua kila upande na ndivyo ilivyo.

Ndiyo maana ile mistari mitano ilinishinda. Ningeandika ukweli, ningeandika kwamba miaka yote hii nakwepa, tena nakwepa kitu ninachokipenda.

Tarehe thelathini na moja Mei inakuja. Nikisaini nitakuwa salama, na nitakaa kwenye chumba cha vioo mpaka nistaafu. Nikikataa, sina tena kisingizio, na niliahidi. Niambie nifanye nini. Ukisema nirudi, nitarudi.

Binti yako.


14 Mei

Kibogoyo wangu,

Marahaba, mwanangu, na nimekusamehe tangu mstari wa kwanza, ila niliendelea kusoma ili nijue nimesamehe nini.

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, halafu nikamsomea baba yako, ambaye alikanyaga breki mara mbili. Nilipomaliza akasema, "Mtoto huyu sura kachukua kwangu, ujinga kachukua kwako." Nikamuuliza ujinga upi. Akasema, "Mwambie kuhusu vidole, au nitamwandikia mimi." Na mwandiko wake unaujua, kwa hiyo naandika mwenyewe.

Vidole vyangu vitatu vya mkono wa kulia vimekufa ganzi. Ni miaka miwili sasa. Daktari anasema ni mtikisiko wa mashine. Hautaniua, ila vidole havitarudi kama zamani. Ndiyo maana herufi zangu zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na ndiyo maana sikutengeneza meno yangu mwenyewe. Niliposema kazi zimenielemea nami nilikudanganya. Madaktari waliacha kuniletea kazi tangu mwaka juzi, na walifanya sawa. Kila asubuhi nilikuwa naingia chumba cha uani, nawasha taa, napangusa meza yako, nakaa mpaka saa sita, nafunga. Mwanzoni hata baba yako alidhani nafanya kazi. Nilikuwa nakulindia mahali, ili ukirudi usikute pamefungwa.

Kwa hiyo wewe ulikuwa huko unaikimbia meza, na mimi huku naipangusa. Baba yako amecheka hilo mpaka akashika mbavu. Mimi nilichelewa kidogo, lakini nami nilicheka.

Kuna jingine, na hili hata mume wangu hakulijua. Kazi ya meno mimi sikuipenda. Aliipenda yeye. Alinifundisha ili tukae pamoja mchana kutwa, kisha akafariki akaniacha na chumba kimejaa vinywa vya watu wanaosubiri. Niliifanya vizuri kwa sababu siwezi kufanya kazi mbovu, basi. Miaka thelathini na minne, yake na yangu. Ulipokuja wewe ukashika nta, ukafinyanga jino kubwa kama la farasi ukacheka, nikaona kumbe yupo mtu wa kuipenda hii kazi. Nikakung'ang'ania. Nilitaka uipende kwa niaba yangu, tena palepale nilipokaa mimi, ili miaka yangu isionekane imepotea. Hilo si jambo la kumtwisha binti wa miaka kumi na tisa ambaye sanduku lake liko mlangoni. Naomba radhi, mwanangu. Ahadi ile nimeifuta. Haikuwa haki yangu kuidai.

Na usidhani nasema tu. Jumatatu iliyopita fundi wa mtaa wa pili, mwanamke mwenye mikono mizuri, alikuja na mkokoteni akachukua mashine, taa na meza zote mbili. Nilijiandaa kulia, hata leso niliishika. Mkokoteni ulipokata kona nilifagia chumba, nikaoga, nikalala saa nane mchana kama mtoto mchanga. Nilipoamka nilikaa kitandani nikitafuta kile kinachoniuma, nikakikosa.

Siku hizi asubuhi natembea. Nimeishi mji huu miaka yote nikitazama ukuta wa uani. Nawajua watu wake kwa midomo, mitaa yao siijui. Baba yako amenichorea ramani nyuma ya kalenda ya zamani, na kila siku tunamaliza mtaa mmoja. Yeye anatembea katikati ya barabara kwa mazoea, namvuta pembeni. Juzi tukiwa sokoni nilisimama ghafla. Kuna mwanamke alikuwa anabishania bei ya nyanya, na meno yake ya juu ni yangu, ya mwaka ule wa mafuriko, jino la pili kushoto limelala kama nilivyolilaza. Alimkaripia muuzaji, akacheka, akamkaripia tena. Hanijui kabisa. Niliduwaa pale mpaka baba yako akaninong'oneza kwamba watu watadhani nataka kuiba. Unajua sikuwahi kuyaona yakifanya kazi? Yalikuwa yanatoka kwangu ndani ya kisanduku, basi. Nimefurahi siku nzima, na jana nilirudi sokoni bila shida ya nyanya.

Umeniambia nikuambie cha kufanya. Nimeshakuambia vya kutosha maishani mwako. Usisaini kwa sababu yangu, na usikatae kwa sababu yangu. Ila kama bado unapokea wateja, mimi sina meno.

Shangazi yako anayekupenda.


9 Juni

Shangazi mpendwa, shikamoo, na baba naye shikamoo. Kuna picha mpya ndani ya bahasha. Hiyo aitazame bila masharti.

Barua yako niliisoma kwenye ngazi za dobi, kwa sababu nilishindwa kungoja nifike juu. Nilipofika pale uliposema umeifuta ahadi, mabega yangu yalishuka. Sikuwa najua kwamba yalikuwa yamepanda. Dobi aliniona nacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja, akaniuliza kama nimeshinda kitu. Nikamwambia ndiyo, sikujua nimwambie nini kingine. Kuhusu vidole vyako nilihuzunika, na bado nahuzunika, lakini ukiniambia unalala mchana naamini uko sawa. Miaka yote niliyokaa kwako sikuwahi kukuona umelala mchana.

Tarehe thelathini nilikwenda kwa mkurugenzi.

"Sitasaini," nikamwambia. "Naomba kurudi kwenye nta."

"Kuna mtu amekuudhi?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Hapana, mzima."

"Basi nini?"

Nikamwambia naipenda ile kazi. Alizungusha kalamu, akasema watu huja kwake kuomba kupanda, yeye hajui fomu ya kuomba kushuka iko wapi. Tulitafuta kwenye makabati mawili. Mwisho tukatumia fomu ya likizo, tukalikata neno likizo kwa kalamu. Aliponipa mkono akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama kweli nitakuwa na amani kule chini. Nilimwambia nadhani. Akasema yeye zamani alikuwa anachora, kisha akaniambia nifunge mlango.

Jambo moja nilimwomba na amekubali kwa majaribio ya miezi mitatu: kila Alhamisi wenye vinywa waje wenyewe karakana, niwasikie wakiongea na kucheka kabla sijagusa kitu. Alhamisi iliyopita alikuja bibi mmoja mwalimu wa zamani, akakataa kufungua mdomo mpaka nimwambie nilisoma mpaka darasa la ngapi. Kazi ya meno yake nimeianza Ijumaa na nimemfikiria mpaka leo.

Siku za kwanza mikono ilikuwa mizito. Nilimwaga nta, nikaunguza kidole gumba. Fundi wa mkono wa kushoto alinisogezea bakuli la maji bila kusema kitu, nikaona afadhali niseme mimi. Nikamweleza kwamba ile seti namba 418 niliitangaza kuwa yangu, nikamwomba radhi. "Mimi nilishangaa tu," akasema, "mbona hukuisifia."

Meno yako yamo kwenye kisanduku. Nimeyarudia mara tatu. Rangi nimeitia wekundu kidogo wa chai, maana nakujua. Yasipokaa nitarudia mara ya nne, na ya tano, muda ninao.

Ile karatasi bado iko kwenye mkoba. Nimejaza mstari mmoja: natengeneza meno, naishi juu ya dobi, nina baba na shangazi. Mtaalamu angesema hilo si kusudi. Mistari minne imebaki na siionei haya.

Kuna kitu kimoja naogopa kukuuliza, kwa hiyo nakiandika haraka. Kwa miaka kumi na minne nimekuja kwako mara tatu, na kila mara nilikaa siku mbili nikasema ruhusa ni fupi. Ruhusa haikuwa fupi. Niliogopa kukaa karibu na ile meza. Sasa meza haipo, na ahadi haipo. Nikija sasa, nitakuwa nakuja kama nani?

Binti yako.


1 Julai

Kibogoyo wangu,

Marahaba, na baba yako anasema marahaba kwa sauti kubwa ili uisikie huko. Picha ameitundika sebuleni. Ameitundika juu sana, lazima uitazame kwa kuinua shingo, lakini hataki kuambiwa.

Meno nimeyavaa Jumatano asubuhi, na ilipofika jioni nikakumbuka kwamba sijajitazama kwenye kioo. Ndivyo nilivyojua yamekaa. Baba yako alinitazama mezani, akaacha kutafuna, akaniita jina la utotoni ambalo hakuna aliyeniita tangu mama yetu afariki. Kisha akaniomba chumvi. Nilikwenda kuichukua jikoni nikakaa huko kidogo. Umenisoma vizuri, mwanangu. Siku moja utawafundisha wengine, na nakuomba usiwabane.

Nimetafuna karanga. Tumebakiza mitaa kumi na mmoja, na mmojawapo una mbwa, huo tumeuahirisha. Fundi wa mtaa wa pili ameniomba nipite kwake mara moja kwa wiki nimwambie anakosea wapi. Nimekwenda mara moja. Hakosei sana, ila sikumwambia.

Uliniuliza zamani ningeandika nini kwenye ile karatasi, nikakataa kukujibu. Ukweli ni kwamba nilikataa kwa sababu ningeandika jina lako kwenye mistari yote mitano, na hata wakati ule, pamoja na hasira zangu, niliona kwamba huo ni mzigo. Leo ningeandika mambo madogo, asubuhi na miguu yangu na kaka yangu asiyejua kutembea pembeni. Wewe ungekuwemo, lakini kwenye mstari mmoja, kama watu wengine.

Sasa swali lako, unakuja kama nani. Swali gani hilo. Miaka yote hii kila barua yangu ilikuwa inakuambia urudi, hata pale nisipoliandika neno lenyewe, nawe ulilisikia kila mara. Nimeliondoa. Usirudi, mwanangu. Njoo tu. Njoo ukae siku kumi, ule, ulale mpaka uchoke kulala, tucheke. Siku ya kumi na moja nitakusindikiza stendi, nikubebee begi moja, upande basi urudi kwako.

Shangazi yako.